Msimu wa Korosho na Kompyuta Zilizopitwa na Wakati

Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 2025 Watanzania walikuwa mapumzikoni, wakimkumbuka Mwalimu Julius Nyerere. Siku hiyohiyo kampuni ya Microsoft iliacha kutoa viraka vya usalama bila malipo kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni tarehe 29 Julai 2015 na kuenea katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki. Hakuna mashine iliyozimika usiku ule. Asubuhi ya Jumatano kompyuta ziliwaka kama kawaida na kufungua mafaili yaleyale, ndiyo maana watu wengi hawakuona kama kuna jambo limetokea.

Kwa Mtwara tarehe hiyo ilikuja wakati mbaya. Kati ya Oktoba na Januari ndipo korosho za kusini zinapouzwa, na tangu msimu wa 2024/25 minada yake imeendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Msimu huo nchi ilizalisha zaidi ya tani 500,000 za korosho ghafi, na serikali ilikuwa imekwisha kuelekeza kwamba korosho za kusini zisafirishwe kupitia Bandari ya Mtwara. Bandari hiyo yenye kina kirefu cha asili ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Reli iliyokuwa ikiilisha kutoka Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo leo korosho huifikia bandari kwa malori, na kila lori lina nyaraka zake: stakabadhi ya ghala, hati ya mauzo, tamko la forodha. Nyaraka hizo huandikwa, hutumwa na kupokelewa na kompyuta za makarani wa vyama vya msingi, waendesha maghala, mawakala wa forodha na wenye steshenari wanaochapa na kutoa nakala karibu na ofisi hizo.

Makarani na mawakala hao ndio wanaokutana na ujumbe unaojitokeza kwenye skrini ukisema kuna toleo jipya na mashine inahitaji kuwashwa upya. Mwitikio wao si mmoja. Wapo wanaobonyeza "nikumbushe baadaye" mpaka mashine ijiamulie yenyewe. Wapo wanaompa fundi kazi ya kuzima apudeti moja kwa moja, na fundi huifanya kwa dakika chache. Wengine hupeleka kompyuta ikapigwe window upya, wakirudi na Windows 11 kwenye mashine ambayo haikukusudiwa kuibeba. Na wapo ambao hawauoni ujumbe wowote, kwa sababu nakala ya Windows waliyowekewa haikulipiwa na fundi aliifunga isiwasiliane na Microsoft.

Wataalamu wa TEHAMA wana kawaida ya kuuita mwitikio huu uzembe. Sikubaliani nao. Ukizichunguza sababu za watu kukataa kusasisha, moja baada ya nyingine, utakuta nyingi zina ukweli wa kisayansi ndani yake. Tatizo ni kwamba hatari wanayoikaribisha kwa kukataa ni kubwa kuliko usumbufu wanaoukwepa, na hatari hiyo haionekani.

Tuanze na bando. Faili la kusakinisha Windows 11 lina zaidi ya GB 5. Karani anayetumia intaneti ya simu yake, akiwa amenunua kifurushi cha siku, hawezi kuligusa. Lakini hata viraka vya kila mwezi vinaweza kumaliza bando lake bila yeye kujua, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Kompyuta ikiunganishwa na simu kwa njia ya Wi-Fi, Windows huona Wi-Fi tu. Mara nyingi haitambui kwamba nyuma ya Wi-Fi hiyo kuna kifurushi kinachohesabiwa kwa megabaiti, hivyo huichukulia kama intaneti isiyo na kikomo na kuanza kupakua kimyakimya. Mtumiaji anashangaa bando limekata kabla hajatuma barua pepe mbili, kisha anamwita fundi azime apudeti zote. Dawa yake ni nyepesi: kwenye mipangilio ya mtandao kuna swichi ya kuiambia Windows kwamba muunganisho huu unapimwa, na ikiwashwa upakuaji mwingi husubiri. Ofisi yenye kompyuta kadhaa ina nafuu nyingine, kwani Windows inaweza kuruhusu mashine moja ipakue kiraka kutoka intaneti, na nyingine zichukue vipande vyake kupitia mtandao wa ndani wa ofisi. Ni ofisi chache zinazojua kwamba chaguo hilo lipo.

Sababu ya pili ni kasi. Utaambiwa kompyuta ilikuwa nzuri mpaka ilipofanyiwa apudeti, sasa inakwama. Huu si uvumi. Januari 2018 dunia ilitangaziwa udhaifu mkubwa uliokuwamo ndani ya vichakataji vyenyewe, uliopewa majina Meltdown na Spectre. Vichakataji vya kisasa hupata kasi yake kwa kukisia: kabla programu haijaamua njia ipi ifuatwe, kichakataji hutangulia kufanya hesabu za njia inayoonekana kuwa na uwezekano mkubwa, na kikikosea huzitupa. Watafiti waligundua kwamba hesabu zilizotupwa huacha alama kwenye kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya kichakataji, na programu hasidi inaweza kuzisoma alama hizo kwa kupima muda, ikapata siri ambazo haikustahili kuziona, manenosiri yakiwemo. Viraka vilivyotolewa vililazimisha kichakataji kifanye kazi ya ziada kila programu inapoomba huduma kutoka kiini cha mfumo endeshi. Mwezi huohuo Microsoft yenyewe ilikiri kwamba mashine zenye vichakataji vya zamani zingepungua kasi kiasi cha mtumiaji kuhisi. Karani aliyesema kompyuta yake imekuwa nzito baada ya apudeti alikuwa akieleza jambo lililopimwa maabara.

Halafu ipo hofu ya kupoteza kazi. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo kubwa la Windows 10, na baada ya siku chache ikalazimika kulisimamisha kwa sababu baadhi ya watumiaji walikuta mafaili yao yamefutwa. Toleo hilo lilirudi Novemba, baada ya kurekebishwa. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili moja la masasisho lenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zikaanguka. Viwanja vya ndege vilisimama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Kosa halikuwa la Windows, ila mtu aliyekaa mbele ya skrini ya bluu hana sababu ya kutofautisha. Ongeza umeme unaokatika katikati ya usakinishaji, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, na utaelewa kwa nini mwenye steshenari hataki kuona asilimia zikipanda taratibu huku foleni ya wateja ikingoja.

Kivinjari nacho kina kisa chake, na kwa watu wa bandari kinagusa karibu. Mfumo wa forodha wa TANCIS, unaotumiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania tangu 2014 badala ya ASYCUDA++, ulitengenezwa kwa ushirikiano na Wakorea Kusini kwa kufuata mfumo wao wa UNI-PASS. Korea Kusini yenyewe ni nchi iliyopata somo kali kuhusu vivinjari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilijitengenezea njia yake ya kulinda miamala kwa hesabu za siri, na ili ifanye kazi kwenye kompyuta za wananchi ikategemea kipandikizi kiitwacho ActiveX, kilichokubali kukaa ndani ya Internet Explorer tu. Benki, ofisi za serikali na maduka ya mtandaoni vyote vikafungwa kwenye kivinjari kimoja. Microsoft, iliyokitengeneza, ilipoanza kukiacha, taifa zima lilijikuta haliwezi kuhama bila kujenga upya mifumo yake. Internet Explorer ilistaafishwa rasmi tarehe 15 Juni 2022, na mhandisi mmoja wa huko akakiagizia jiwe la kaburi, picha yake ikazunguka dunia nzima. Hata leo kivinjari cha Edge kina hali maalumu ya kufungua kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya Internet Explorer, na Microsoft imeahidi kuitunza angalau hadi 2029, kwa sababu ofisi nyingi duniani bado zina mifumo ya aina hiyo.

Ofisi inayotegemea mfumo mmoja wa mtandaoni huogopa siku ambayo kivinjari kitajisasisha na mfumo ukagoma. Tangu 2021 Chrome imekuwa ikitoa toleo jipya kubwa takriban kila baada ya wiki 4. Wakala wa forodha mwenye meli inayosubiri hana muda wa kugundua kwamba kitufe cha kutuma tamko kimeacha kuitika tangu jana. Hofu yake ni ya haki, na inamhusu zaidi mjenzi wa mfumo kuliko yeye. Mfumo wa umma unapaswa kujaribiwa kwenye toleo la majaribio la kila kivinjari kikuu kabla toleo hilo halijawafikia wananchi. Matoleo hayo ya mapema hutolewa wazi, bila malipo, wiki kadhaa kabla.

Hizo ndizo hoja za wanaokataa, na nimezipa nafasi kwa sababu zinastahili. Sasa tuitazame hatari yenyewe, mpaka itufikishe bandarini.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kugawana mafaili. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, programu hasidi ya WannaCry iliingia kupitia tundu hilohilo kwenye mashine ambazo hazikuwekewa kiraka, ikafunga mafaili na kudai malipo. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika. Ni muhimu kuelewa kwa nini siku zinazofuata kiraka huwa za hatari. Kiraka kinapotoka, wahalifu hukipakua pia. Hulinganisha faili la zamani na jipya, kipande kwa kipande, waone ni wapi palipobadilishwa. Palipobadilishwa ndipo tundu lilipokuwa. Ni sawa na mwizi anayemwona fundi akiziba ufa kwenye nyumba moja ya mtaa ambao nyumba zake zote zilijengwa kwa ramani moja. Microsoft hutoa viraka vyake kila Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu ulioanza Oktoba 2003, na kwa saa za Afrika Mashariki huwa saa 2 au saa 3 usiku. Kuanzia saa hiyo asiyeweka kiraka yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa mchana.

Kwa Windows 10 isiyo na huduma hali ni mbaya zaidi, maana Windows 10 na Windows 11 zinashiriki sehemu kubwa ya msimbo. Kila tundu linalozibwa kwenye Windows 11 linaweza kuwa maelekezo ya namna ya kuingia kwenye Windows 10 iliyoachwa wazi.

Mwezi mmoja na nusu baada ya WannaCry, tarehe 27 Juni 2017, zamu ikawa ya meli. Programu hasidi ya NotPetya iliifikia kampuni ya Maersk ya Denmark, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za usafirishaji wa makontena duniani. Ilianzia Ukraine, kupitia programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc, na inaumiza kusema kwamba iliingia ikiwa imevaa sura ya apudeti: wahalifu walikuwa wameteka seva ya mtengenezaji. Ikishaingia kwenye kompyuta moja, ilienea kwa tundu lilelile la Machi na kwa manenosiri iliyoyaiba kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo hata mashine zilizokuwa na viraka ziliangushwa na jirani zao. Mageti ya bandari zilizoendeshwa na kampuni hiyo yalifungwa, malori yakapanga foleni, na hakuna aliyejua kontena gani lina nini. Maersk ilisakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10, na hasara yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 250 hadi 300. Kilichowaokoa ni seva moja iliyokuwa Ghana, ambayo saa ya shambulio ilikuwa nje ya mtandao kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ndani yake ndimo ilimobaki nakala nzima ya orodha ya watumiaji wa kampuni hiyo duniani kote.

Karibu nasi zaidi, Julai 2021 kampuni ya umma ya Afrika Kusini, Transnet, ilishambuliwa kimtandao, na bandari ya Durban pamoja na nyingine zikashindwa kuhudumia makontena kwa siku kadhaa. Kampuni ikalazimika kuwatangazia wateja kwamba haiwezi kutimiza mikataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Hilo likitokea Mtwara katikati ya Novemba, atakayeumia si mwenye kompyuta peke yake. Tangu 2007 korosho za mkoa huu zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima wa Tandahimba au Newala hukabidhi mzigo, hupewa karatasi, kisha husubiri mnada na malipo. Huenda hajawahi kugusa kompyuta maishani, lakini ada ya shule ya mwanawe imo ndani ya faili la karani. Likifungwa faili hilo na mhalifu aliye bara jingine, mkulima ndiye atakayeambiwa arudi wiki ijayo.

Kwa nini basi watu wasihamie Windows 11, kwa kuwa haidai malipo kwa mwenye Windows 10 halali? Kwa wengi mlango umefungwa na vifaa. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inadai kichakataji cha kizazi cha karibuni, kwa Intel ikimaanisha zaidi kizazi cha 8 na kuendelea. Inadai pia TPM 2.0, chipu inayohifadhi funguo za siri mahali ambapo programu ya kawaida haiwezi kuzifikia. Kiusalama sharti hilo lina mantiki. Lakini kompyuta nyingi za ofisi zetu ni za mtumba, zilizotumika Ulaya au Ghuba miaka kadhaa kabla ya kupanda meli kuja huku, na vichakataji vyake ni vya kizazi cha 4, 5 au 6. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kuwa kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kuishia kuwa taka kwa sababu hazikidhi masharti hayo. Sehemu ya mashine hizo itatafuta soko Afrika kwa bei ya kuvutia. Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba mwaka huu aulize kizazi cha kichakataji kabla ya kuuliza ukubwa wa diski.

Fundi anaweza kuyaruka masharti hayo na kuiweka Windows 11 kwa nguvu. Mashine itawaka, ila Microsoft haiahidi kwamba itaendelea kuipa viraka, na viraka ndivyo vilivyokuwa lengo. Kuna hatari nyingine katika nakala zinazopita mkononi kwa flashi. Kiraka halali hubeba saini ya kidijitali: mtengenezaji hupitisha faili kwenye hesabu inayotoa alama ya kipekee, kisha huifunga alama hiyo kwa ufunguo wake wa siri. Ikibadilishwa herufi moja tu ndani ya faili, alama haitalingana na Windows italikataa. Nakala nzima ya Windows iliyochezewa hukuondolea ulinzi huo tangu mwanzo, kwa kuwa mkaguzi mwenyewe yumo ndani ya kitu kilichochezewa.

Njia ya halali kwa mashine isiyoweza kuhama ni huduma ya nyongeza, inayoendeleza viraka vya Windows 10 kwa watumiaji binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Hulipiwa dola 30, au hupatikana bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Taasisi na biashara zina bei yao, dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka 3. Kwa chama cha msingi chenye kompyuta tano hizo si fedha ndogo. Ofisi inayofanya kazi zake nyingi ndani ya kivinjari ifikirie Linux kwa uzito: haina ada ya leseni, viraka vyake hutoka bure, na hufanya kazi vizuri kwenye mashine ambazo Windows 11 imezikataa. Isijaribiwe mara ya kwanza siku ya mnada.

Tarehe hiyo ya 13 Oktoba 2026 itaangukia tena mlangoni mwa msimu. Safari hii Mtwara ina nafasi ya kujipanga. Kati ya Machi na Septemba shughuli za korosho hupungua, na huo ndio wakati wa kusasisha, kuhamisha, kujaribu mfumo wa mnada na wa forodha kwenye kivinjari kipya, na kutengeneza chelezo ya mafaili kwenye diski inayochomolewa na kuwekwa kabatini. Kabla ya msimu mizani za maghala hukaguliwa, maana kila mtu anajua kilo moja iliyopotea ni mali ya mkulima. Vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, viweke ukaguzi wa kompyuta katika orodha hiyohiyo ya maandalizi, vikiwa na bajeti ya bando na ya fundi anayejulikana, badala ya kumwachia karani anunue kwa fedha yake ya mfukoni kiraka kinacholinda korosho za wilaya nzima.

Nawe unayesoma haya ukiwa na kompyuta mbele yako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Ukiona Windows 10 na herufi 22H2, unaweza kujiunga na huduma ya nyongeza leo kupitia ukurasa wa masasisho ndani ya mipangilio. Ukiona toleo la chini ya hilo, anza kwa kuipandisha mashine hadi 22H2, kwa sababu matoleo ya nyuma hayapokelewi.